Folda ya Mbele

Kidole changu kiliganda juu ya kipanya.

Kwenye skrini, kiunganishi, ile programu inayokusanya vipande vya msimbo na kuvifanya programu moja, kilionyesha kilikopita kutafuta faili la kukokotoa dozi ya pampu za dawa. Kilianza na folda ya mbele, kikakuta jina linalotakiwa, kikalibeba, basi. Hakikutafuta tena.

Na folda ya mbele ndiko nilikoacha faili la zamani. La akiba, nilijiambia. Lile nililolirekebisha, lisilozidisha dawa ya usingizi, lilikuwa kwenye folda ya nyuma, halijaguswa.

"Vipi, umeona jini?" jirani yangu wa meza alicheka.

"Pampu tulizopeleka hospitali bado zina lile kosa."

Kicheko kilimkatika.

Nilimpigia dada, aliyekuwa akimuuguza mama hospitalini, nikapaza sauti.

"Dada, mama wameshamfungia ile pampu?"

"Ile yako? Tangu asubuhi! Nimewatambia manesi wote kwamba mdogo wangu ndiye aliyeitengeneza." Akashusha sauti. "Ila acha kupayuka, bwana. Leo mama kalala fofofo, hata nikimwita haitiki."