Maandishi Kwenye Kuba ya Rubani

Chombo cha anga kilichokwisha kuvuka galaksi tatu kilishindwa kuvuka mlango wa sebuleni.

Fundi friji alikuwa amekishika puani, Profesa amekishika mkiani, na katikati yao kilikuwa kimekwama chombo chenyewe, kirefu kama kitanda. Fundi alikuwa amepima kila kitu katika chombo hicho, hadi mikwaruzo. Mlango hakuupima. Mtu anayekwenda mbali kiasi kile anapata wapi muda wa kupima milango?

"Tupitie chumbani," alisema. "Mlango wa uani ni mpana."

Kilikuwa nakala ya chombo cha kwenye filamu moja ya zamani, ukubwa ule ule wa kile kilichopigwa picha. Filamu yenyewe ilikuwa imepotea, isipokuwa kipande cha katikati kisicho na mwanzo wala mwisho, na kipande hicho kilitunzwa na chama chao, ambacho mwenyekiti wake alikuwa Profesa. Jina hilo alipewa kwa sababu ya miwani. Shahada ilikuwa bado njiani.

Wanachama walikijua kipande kile kuliko walivyowajua watoto wao. Waliona wanaanga wote wakisalimiana kwa mkono wa kushoto. Waliona saa ya ukutani ikizunguka kinyumenyume. Profesa akatoa mhadhara kwamba katika sayari ile kushoto ndiko kwenye heshima, na kwamba muda wa huko hurudi ulikotoka. Chama kizima kikaanza kusalimiana kwa kushoto. Siku moja fundi alijisahau akampa mama mkwe mkono huo, na tangu hapo mama mkwe humjulia hali kupitia kwa majirani.

Katika kipande hicho, juu ya kuba ya rubani, palikuwa na mstari wa maandishi ya mkono, yaliyojipinda na kupauka, ambayo hakuna mwanachama aliyeweza kuyasoma. Profesa aliweza, bila shaka. Alisema ni lugha ya sayari ile, na maana yake ni "Tuendako hakuna kurudi." Fundi aliyapenda maneno hayo hata akayaandika kwenye mlango wa gari lake la kazi. Wateja waliompa friji zao akazitengeneze waliyasoma wakaingiwa na wasiwasi.

Kuba yenyewe, kila mwenye macho aliona, ilikuwa sufuria iliyopinduliwa. Watengeneza filamu wa zamani hawakuwa na kitu, walichukua walichokikuta. Fundi naye akachukua alichokikuta, na alichokikuta ni sufuria kubwa ya mkewe, ile ya wageni, yenye neno RUDISHA kitakoni kwa rangi nyekundu, maana majirani wana tabia ya kusahau. Alilisugua neno hilo kwa msasa mpaka likafutika, akapaka rangi ya kijivu, kisha akanakili juu yake yale maandishi matukufu kwa brashi nyembamba, mkunjo kwa mkunjo.

Mkewe hakupiga kelele. Alikuwa amekwisha kuvumilia chujio la chai kugeuka injini na vibanio vya nguo kugeuka mizinga. Lakini wazazi wa mchumba wa binti yao walikuwa wanakuja kula, na mama mwenye nyumba hakuwa na cha kupikia. Alifunga nguo zake akaenda kwa dada yake.

"Mimi sikuombi nyota," alimwambia mumewe akiwa mlangoni. "Naomba sufuria yangu. Ikirudi jikoni, na mimi nitarudi."

Fundi alimjibu kwa hekima ya sayari ile, kwamba tuendako hakuna kurudi. Alidhani maneno hayo yatapendeza.

Tangu hapo nyumba ilimpwaya. Alimkumbuka mkewe sana, na hilo hakumficha hata Profesa. Alikumbuka mpaka kununa kwake. Lakini kuing'oa kuba kungekuwa kuua kazi yote, na Profesa alimhakikishia kwamba leo, kwenye maonyesho walikokuwa wanakipeleka, chombo kikivishwa utepe wa nakala halisi kuliko zote, mke atarudi mwenyewe, kichwa chini. Profesa alikuwa mtaalamu wa ndoa pia. Hakuwahi kuoa, kwa hiyo hakuna aliyepata kumsahihisha.

Basi wakakichomoa chombo mlangoni, wakaingia chumbani, fundi akitangulia kinyumenyume, wakapita kando ya kitanda ambacho siku hizi kililaliwa upande mmoja tu. Palikuwa pafinyu. Iliwabidi wakilaze chombo ubavu ili kipenye kati ya kabati na meza ya vipodozi ya mkewe, na kuba ikaelekea kwenye kioo kikubwa. Fundi aliinua macho aangalie kama wamekwaruza kitu. Akasimama hapo hapo.

"Twende, bwana," alisema Profesa kutoka mkiani. "Mkono wa heshima unaniuma."

Fundi hakumsikia. Alikuwa anasoma. Ndani ya kioo, maandishi ya sayari ya mbali, mkunjo kwa mkunjo, yalikuwa yamekaa sawa, kwa mwandiko wa haraka wa mtu aliyeudhika:

"Sufuria ya wageni. Mkimaliza mchezo wenu, irudisheni jikoni."