Fyuzi ya Safari ya kwa Bi Mdogo

Fundi Mbarouk alilala chali chini ya dashibodi ya gari kuukuu, akifuata waya mmoja mmoja. Mwashamba alimmulikia tochi. Mumewe alisimama nje akinukia udi wa chetezo cha Mwashamba, tayari kwenda kulala kwa bi mdogo.

"Nyaya ni nzima, bwana. Fyuzi ndiyo haipo."

"Imekwenda wapi?"

"Labda panya," alisema Mwashamba, na fyuzi ameifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Panya wa siku hizi!" Fundi akacheka. Akakunja karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaichomeka mahali pa fyuzi. Gari likanguruma.

Mumewe akapanda upesi. Mwashamba akazunguka upande wa pili, akaketi karibu naye, akafunga mlango.

"Unakwenda wapi, mke wangu?"

Mwashamba akatazama mbele, kama abiria aliyekwisha kulipa nauli.