Korongo wa Vichwa Viwili

Kwanza alikufa mjomba. Baadaye akaondoka shangazi, na hata matanga hayajapoa, mama mkubwa naye akafuata. Kila marehemu alikuwa ameacha sarafu moja yenye korongo wa vichwa viwili, na kila mara mrithi alikuwa mwanamke yuleyule.

"Pole tena," alisema mthamini wa sarafu, akiipokea ya mama mkubwa. "Ukoo wenu unakwisha."

"Ni kazi ya Mungu," mwanamke akajibu, akaketi.

Mthamini huyo watu walimwita Lenzi, kwa sababu lenzi yake ya jicho moja haikumtoka usoni hata alipokwenda kununua mkate. Sarafu ya kawaida ilikuwa na korongo wa kichwa kimoja. Lakini zamani mashine ya kupigia sarafu iliwahi kukwama, chuma kikapigwa mara mbili, zikatoka sarafu chache zenye ndege wa vichwa viwili. Ukiwa nayo ya kweli, unanunua gari. Ukiwa na ya bandia, hata kiberiti hupewi. Lenzi ndiye aliyejua ipi ni ipi, na saini yake kwenye cheti iliwatosha wanunuzi wote.

Ya mjomba ilikuwa na vitundu kama mkate. Ilimiminwa kwenye kalibu, haikupita mashineni. Ya shangazi haikuwa na vitundu, ila ilikuwa nyepesi. Hii ya mama mkubwa ilitimiza uzito.

"Lakini tazama," Lenzi akasema, akivuta kiti karibu. "Chuma kikipigwa mara ya pili, picha ya kwanza hulala. Kichwa kimoja lazima kiwe kimebonyea. Hapa vyote viwili vimesimama kama vinagombana."

Mwanamke akacheka. "Hebu nieleze tena hapo pa kubonyea."

Akamweleza tena. Alieleza mpaka chai ikapoa, na mteja mwingine akaingia, akasubiri, akachoka, akatoka. Lenzi alikuwa kapera aliyezoea kuona watu wakipiga miayo kila alipoanza kuzungumzia sarafu. Huyu hakupiga mwayo hata mmoja.

Ndiyo maana alichelewa kuzinduka. Alikuwa akifuta mizani asubuhi moja, mkono ukasimama wenyewe. Kila kasoro aliyoitaja, sarafu iliyofuata ilikuja bila kasoro hiyo! Na zile kucha za mwanamke, zenye unga wa chuma kila alipokuja, je? Alikuwa akimfundisha mghushi kazi, bure, na chai juu yake.

Akakimbilia chumba cha nyuma, alikokuwa akishona dada yake mkubwa.

"Nawapigia polisi," alisema akihema. "Siku akileta isiyo na kosa, nitaitia saini kwa mkono wangu. Jina langu litakuwa limekwenda na maji."

Dada yake akaweka sindano chini. "Polisi wa nini, mdogo wangu? Ushahidi huna. Mngoje aje, umbane kwa maneno. Mimi nitakaa hapa nyuma ya pazia, nisikie kila kitu. Na uvae lile shati la bluu."

"Shati na mghushi wapi na wapi?"

"Hakuna anayemwogopa mtu mwenye doa la chai kifuani."

Safari hii alikuwa amekufa binamu.

Lenzi akaipima sarafu. Akaigonga kwenye kioo cha meza, ikalia kama inavyopaswa kulia. Akaiweka chini ya lenzi. Kichwa kimoja kilikuwa kimelala, kingine kimesimama. Aliigeuza, akaigeuza tena, akaitafuta kasoro kwa roho yake yote, mpaka shati la bluu likalowa mgongoni.

"Sioni kosa," akasema mwishowe.

Alitegemea kumwona mwanamke akifurahi. Badala yake uso wake ulisawijika.

"Hata dogo? Angalia ukingo vizuri. Mimi naona kama ukingo…"

"Ukingo ni safi. Bei yake ya haki ni gari zima."

"Basi tena," mwanamke akasema taratibu, akaanza kufunga mkoba wake.

Lenzi akaruka, akasimama mlangoni. Moyo ulimwenda mbio, na hakujua kama ni kwa hasira au kwa kitu kingine.

"Binamu hajafa!"

"Hajafa. Ana afya tele."

"Na mjomba?"

"Anafuga kuku."

"Sarafu hizi unazitengeneza wewe!"

"Mimi ni fundi wa kuchonga mihuri," mwanamke akasema, macho chini. "Haikuwa kazi ngumu sana."

"Na ulitaka kumuuzia nani?"

Mwanamke akaacha kufunga mkoba. Akatazama pazia. Lenzi naye akakumbuka kwamba ana shahidi.

"Dada!" akaita kwa sauti ya ushindi. "Umesikia mwenyewe! Toka uje!"

Pazia likavutwa. Dada yake akatoka na sinia yenye vikombe vitatu, amekunja uso, akampita mdogo wake kana kwamba ni kiti.

"Aa, wifi nawe!" akasema. "Si nilikwambia usiwe hodari haraka hivyo?"