Sheria ya Saba

Mtu wa mchezo wake alifika kwa wakati, na Zadock akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Tena?"

"Tena!" Tonny alijibu kutoka kitanda cha juu, kompyuta ikiwa magotini. "Nimemtoa kazini, nimempandisha ndege, nimemfikisha kijijini kabla ya mazishi. Mzee, nimeshinda! Shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba hakufika."

"Nani hakufika?"

"Namaanisha huyo mtu wa mchezo. Hapaswi kufika. Leta hiyo kompyuta hapa."

Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, katika chumba cha vitanda vinane huko Karama, ughaibuni. Shindano lenyewe lilikuwa la siku mbili. Ijumaa saa kumi na mbili jioni waandaaji wanatangaza mada mtandaoni, unatengeneza mchezo wa kompyuta kuanzia sifuri, na Jumapili saa kumi na mbili jioni wanafunga. Safari hii mada ilikuwa "Umechelewa". Zadock alipoisoma alicheka peke yake, kicheko kibaya, kisha akaenda zamu yake ya kulinda jengo kule Marina akiwa na daftari mfukoni. Tangu arudi alikuwa hajapata hata lepe la usingizi.

Tonny, mpanga bidhaa wa supamaketi na mwenye hiyo kompyuta, alikuwa amezisoma sheria zote akitafuta mwanya. Mchezo utengenezwe ndani ya siku hizo mbili tu. Anayeucheza asijue jina la mtengenezaji hadi matokeo yatoke. Ya saba ndiyo iliyomchosha: kila mshiriki atapewa mchezo wa mwenzake wa lugha ileile, na ni lazima aucheze mpaka mwisho. Asipomaliza, wake unafutwa.

Hiyo ya saba Zadock alikuwa ameinakili kwa kalamu na kuibandika ukutani juu ya mto wake, pale ambapo wenzake hubandika picha za watoto.

"Hivi kundi la Kiswahili mko wangapi?" Tonny aliuliza.

"Wawili."

"Wawili! Basi hata ukishindwa wewe ni namba mbili, mzee wangu!" Tonny alicheka mpaka kitanda kikalia. "Na huyo mwingine anajua kazi?"

"Anajua sana. Hushiriki kila mwaka. Ana kichwa yule, wee acha tu."

"Haki ya Mungu, sijawahi kuona mtu akimsifia mpinzani hivyo. Zawadi ya kompyuta mpya si utamwachia tu?"

Zadock alikuwa anapekua mistari ya programu ya mchezo wake mmoja mmoja. Mwaka mzima alikuwa amejifunza kazi hii kwa video, kwenye basi la kampuni, huku walinzi wenzake wakimcheka: mtu wa miaka arobaini na tisa, kucheza michezo ya watoto! Wacheke tu. Alipofika mahali pa kusubiri kompyuta iwake upya, alitoa simu, akapiga nyumbani. Ikaita mpaka ikakatika, kama kila Jumapili. Akairudisha mfukoni.

Kosa alilipata saa kumi na moja na nusu. Lilikuwa kwa msimamizi. Ndani ya mchezo, mlinzi anamwomba msimamizi wake ruhusa ya kwenda kuzika, na msimamizi anajibu, "Inshallah, kesho." Lakini ukimwomba mara tatu harakaharaka, anakubali.

"Si umwache akubali?" Tonny alisema, sasa kwa upole. "Mchezo wenyewe unaumiza roho. Kila njia, kaburi limeshafukiwa. Mwekee huyo maskini hata kanjia kamoja."

"Hapana. Nitakuwa nimedanganya."

"Ni mchezo, mzee!"

"Hakubali, Tonny. Hata umpigie magoti, hakubali." Akafuta mstari ule, akaandika mwingine, akajaribu mara tatu, mara kumi. Mlinzi akachelewa kila mara. Zadock akashusha pumzi.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nane akabonyeza kutuma, na intaneti ikalala pale pale. Watu wanane, laini moja, na Protas wa kitanda cha chini alikuwa anatazama mpira.

"Zimeni simu!" Zadock alipiga kelele. Mtu mpole vile, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Nawaomba, jamani! Zimeni zote! Nikikosa leo sijui kama mwakani atakuwepo!"

"Nani?" Protas aliuliza, lakini alishaizima.

Asilimia arobaini. Sitini. Kasoro dakika tatu, sitini bado. Zadock alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, midomo ikicheza, jasho likimtiririka chini ya shati la kazi ambalo hakuwa amelivua tangu asubuhi. Themanini na tano. Kasoro dakika moja. Mia.

Chumba kizima kikapiga makofi. Tonny akainyakua kompyuta, akasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Mchezo wako umepokelewa! Kwa mujibu wa sheria ya saba, utachezwa na Edna Zadock Amukowa, wa Kakamega."

Akakitazama kibati cha jina kwenye shati la kazi la Zadock: Z. Amukowa.

"Binti yangu," Zadock alisema, bado yuko magotini. "Tangu tumzike mama yake... tangu wamzike, hashiki simu yangu. Huu ataucheza mpaka mwisho."