Kaa Hukohuko

Sanduku lililokuwa likiburutwa ukumbini lilikuwa la kwake, lile la zambarau alilokuja nalo alipoolewa. Alilijua kwa sauti tu: gurudumu moja lilikuwa linalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Yeye alikuwa bafuni, pindo la gauni ameling'ata kwa meno, anajichoma sindano ya asubuhi chini ya kitovu. Mimba tatu zilikuwa zimetoka kabla daktari hajajua kiini: askari wa damu yake walikuwa wanamshambulia mwenye nyumba badala ya wezi. Hii ya nne ilitaka sindano kila siku, na tahadhari moja juu yake. Vipimo vilionyesha hana kinga ya rubela, ugonjwa wa vipele unaodhuru mtoto tumboni, na chanjo yake haichomwi mjamzito.

"Mwenye vipele mkimbie," daktari alimwambia, "hata kama kakuletea zawadi."

Safari hii habari ya mimba alimwambia mumewe tu. Pole za majirani zilikuwa zimemtosha.

Lakini tangu jana roho ilikuwa juu juu. Mama mkwe, aliyezoea kumwita bibi harusi na kumtania mpaka chai inampalia, alikuwa amegeuka. Alikula chumbani peke yake. Sahani yake aliiosha mwenyewe, akaiweka kando. Alipopelekewa maji, alijibu nyuma ya mlango: "Weka chini, nenda zako."

Na asubuhi hii alikuwa akimwambia mwanawe kwenye simu: "Hatuwezi kukaa nyumba moja. Leo hii mtu anaondoka."

Mtu gani mwingine? Mke asiyezaa ndiye hufungashiwa virago.

Alishusha gauni, akatoka, huku miguu ikitaka kukimbia na moyo ukiikataza. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amesimama getini, kitambaa puani, sanduku pembeni.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Kaa hukohuko."

"Kama ni habari ya watoto, mimi..."

"Ukishuka hiyo ngazi nakurushia kiatu, bibi harusi." Mama mkwe alirudi nyuma. "Sanduku nimeazima, langu zipu imekufa. Naenda kwa dada yangu. Na mumeo usimlaumu, huyo tangu ananyonya hajui kutunza siri."

Alishika mpini wa sanduku.

"Mtoto wa wifi yako, niliyembeba juzi kutwa, kapimwa, ana rubela. Huyo wako nitambeba akizaliwa."