Kikwembe Kilichokosa Jina

Tangazo rasmi kwa wafanyabiashara wote wa Kongo ya Wabelgiji! Mimi, mwanafunzi wa bweni mwenye Kifaransa na Kilatini kichwani, nimegundua kanuni kuu ya biashara: kitambaa kisicho na jina hakiuziki. Kweli, sikuigundua. Wanawake wa soko la Kasongo walikuwa wakiijua kabla sijaota meno.

Kiwandani Ulaya, kikwembe hupewa namba. Kikifika kwetu, namba haimsemeshi mtu. Wanawake hungoja mmoja wao akipe jina: la mapenzi, la ugomvi, la kumchoma mke mwenza. Jina likishika, mzigo mzima unakwisha. Na wanawake wakivaa kikwembe kimoja kwa shughuli moja, siku hiyo ni ndugu. Aliyekivaa haondoki mpaka shughuli iishe.

Hodari wa kuvibatiza alikuwa Mama Ernestine. Zamani aliitwa Mama Cécilia, kwa jina la binti yake wa kwanza. Kisha Cécilia akamkimbia mumewe, katekista Zéphirin, akaenda Kabambare na fundi wa baiskeli. Tangu hapo mtaa ulimvua mama yule jina la binti, ukamwita kwa jina lake mwenyewe. Jirani yake Mado aliongeza neno la kwake, kwa sauti, kisimani:

"Siku ile mwanamuke ule Cécilia atakufa, miye nitaenda shamba kuchimba muhogo. Na ninyi wote mutanifuata."

Wote walicheka. Wote walikubali.

Jumatatu moja Mama Ernestine aliingia katika magazini ya Bwana Gaston, Mbelgiji aliyeuza chumvi, taa na vitambaa. Kwenye rafu kulikuwa na kikwembe cha buluu iliyokolea hadi ikakaribia kuwa nyeusi. Panya walikuwa wameanza kukizoea.

"Mama, hii kikwembe iko kama usiku," Gaston alilalamika. "Hakuna mutu anaitaka. Ipe jina, na kipande cha kwanza ni yako. Bure."

"Nitaipa. Lakini usiuzie watu wa Nyangwe hata kimoja. Iishe hapa kwetu kwanza, mbele ya Jumamosi."

"Sawa. Jina?"

Mama Ernestine alishika ukingo wa meza.

"Cécilia anarudi."

Sijaona jina lililokimbia namna ile. Kabla ya jua kusimama utosini, wanawake walikuwa wakisukumana mlangoni, na Gaston alikuwa akikata kitambaa huku ulimi ukiwa nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Mado mwenyewe alinunua, pamoja na cha kilemba.

"Nitavaa, nimuangalie vile anashuka na aibu yake!" aliwaambia wenzake. "Nitamuimbia mpaka atafute shimo."

Marcelline, mshona nguo, alikuwa na moyo mwepesi zaidi. Alimkuta Mama Ernestine uani akipepeta mchele.

"Basi mama, Cécilia atakaa kwetu siku ngapi?"

"Hatoki tena."

"Zéphirin amemusamehe?"

"Zéphirin hana neno na yeye tena."

"Ah, Mungu iko! Sasa tupike nini?"

"Mupike mingi. Watu watalala kwetu."

Marcelline alirudi kwake akisema furaha imemkausha yule mama sauti.

Jumamosi, barabara inayotoka Kabambare iligeuka buluu. Nguo mpya zilinuka dawa ya kiwandani, na vilemba vilisimama virefu kuliko heshima ya wenyewe. Mbele ya wote nilikuwa mimi na ngoma, uso mzito kama wa askofu siku ya kipaimara, nikiongoza wimbo wa kumkaribisha mgeni. Mado alicheza mpaka vumbi likampanda magotini. Matusi aliyoandaa yangetosha mwezi mzima.

Kamio ya mizigo ikatokea, ikasimama. Wimbo ukapanda.

Dereva, André, akashuka peke yake. Akavua kofia. Alizunguka nyuma ya kamio, akateremsha sanduku dogo la bati kwa mikono miwili, taratibu, kana kwamba lina mayai. Juu yake palikuwa na furushi la shuka la hospitali, na pembeni mwa furushi udongo mwekundu ulikuwa ukidondoka.

"Tulimuzika kule, mama," alisema. "Huu ni udongo wa kaburi. Vitu vyake viko ndani ya sanduku."

Ngoma ilinyamaza. Mama Ernestine akaketi chini, palepale barabarani, akalipakata lile furushi.

Wanawake wakatazamana. Barabara nzima, kutoka kichwani hadi miguuni, ilikuwa imevaa kilio. Mado alishika fundo la kikwembe kiunoni kama anayetaka kulifungua, akaangalia huku na huku, na mkono ukamwanguka. Alisogea mpaka kwa jirani yake, akaketi mavumbini kando yake, akapiga ukelele wa msiba uliosikika hadi misheni. Wengine wakaketi nyuma yake, mmoja mmoja.

Walilala kwetu wote, wakamlilia Cécilia kama anavyoliliwa mtoto wa watu. Asubuhi ya kuondoa matanga, Mado alinishika sikio, macho yake yamevimba.

"We mutoto! Kutupigia ngoma na uso ule wote! Ulijua?"

Nilijua. Aliyezikwa ni yaya yangu, dada yangu mkubwa wa tumbo moja, na padri wa bweni letu kule Kabambare aliniita mimi kwanza, nikaja kumwambia Mama. Na jina la kikwembe nililitunga mimi.