Duara Tupu

Ubaoni, mwanafunzi Maombi alichora vipande viwili vya grafu. Cha chini kiliishia penye x sawa na mbili kwa duara tupu, maana nukta ile haihesabiwi. Cha juu kilianzia penye x hiyo hiyo kwa nukta iliyojazwa.

Mwalimu alilijaza duara kwa chaki, kisha akainua karatasi ya notisi zake za somo. "Zero. Mu silabusi yangu nukta zote mbili ziko nyeusi."

"Ile ni fotokopi ya fotokopi, Prof. Wino ndiyo ilijaza duara. X moja haiwezi kuwa na y mbili."

"Unabisha silabusi? Ikala."

Hakukaa. Alinyakua karatasi ile ya silabusi, akautoboa weusi wa duara la chini kwa ncha ya kompasi, akaiinua kwenye dirisha lililoelekea ziwa. Mwanga wa ziwa ukapita tunduni.

"Sasa hesabu nukta nyeusi, Prof."